Shika Bati Kwanza

Nyamiaga, Ngara
2 Machi 2025

Mjomba Frednand,

Teddy ameila. Sasa hivi, mjomba, hata hajamaliza kumeza. Nimegeuka mara moja tu nikoroge maharage, narudi namkuta ameibandua ile karatasi nyeupe iliyobandikwa kwenye RAM, kile kibao cha kumbukumbu cha ndani ya laptop, kaibandika kwenye kitovu chake, anajitazama anacheka. Nikamwambia, "Teddy, lete." Akaing'oa kitovuni akaitia mdomoni. Nimemkimbiza kuzunguka nyumba mara mbili, na nilipomkamata akafungua mdomo mwenyewe anionyeshe kwamba hamna kitu. Kwa hiyo yale maandishi niliyokuwa nataka kukunakilia hapa yamo tumboni mwa mjukuu wako.

Shikamoo mjomba. Hujambo? Mama Zita hajambo, na magoti yake? Sisi huku wazima. Dada yako, yaani mama, kifua kimetulia na anakusalimu. Derick, baba Teddy, yuko na pikipiki yake stendi ya Ngara mjini, anatoka asubuhi anarudi na vumbi. Mama mkwe Eustakia anapanda maharage na ananigombeza kwamba siku hizi nimeolewa na laptop. Teddy atatimiza miaka miwili mwezi wa nne. Ana meno yote ya mbele, kama unavyoona.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe na malori ya hapo Lusahunga hamsikilizani. Mara ya mwisho nilizungumza peke yangu dakika nne, ukasema "haya, asante," ukakata.

Sasa jambo lenyewe. Pale parokiani kuna Sista Speciose, anatunza vitabu vya ubatizo. Ni kumi na vinne, vingine vimeliwa na mchwa pembeni, na anataka majina yote yaingie kwenye kompyuta kabla havijaisha. Vitabu haviruhusiwi kutoka, kwa hiyo amepiga picha kila ukurasa akaziweka kwenye laptop ya zamani iliyokuwa kabatini, akanipa mimi. Mimi, mjomba! Alinikuta nikimwandikia bibi mmoja barua kwenye benchi la kanisa, akasema mwandiko wangu una subira. Makubaliano ni haya: nikimaliza kitabu cha kwanza chote, tena bila makosa, kabla ya sikukuu ya Petro na Paulo, tarehe 29 Juni, basi vitabu vyote kumi na vinne ni kazi yangu, hapa hapa nyumbani na Teddy pembeni. Nisipomaliza, vinakwenda kwa Joan mwenye stesheneri pale mjini. Joan ni mtu mzuri, ila ana mashine mpya na feni.

Laptop yangu mimi nikiiwasha naenda bombani, najaza ndoo, narudi, kile kiduara bado kinazunguka. Nikifungua picha ya ukurasa pamoja na jedwali la kuandikia, inaganda. Jana nimeingiza majina sita tu, na mawili ni mapacha. Nikaifungua mgongo kwa ncha ya kisu nikaona nafasi ya RAM moja iko wazi, tupu kabisa, kama kiti cha mgeni. Nikakukumbuka. Nikasema kama kuna mtu chini ya jua anayejua cha kuweka pale, ni mjomba.

Nisaidie. Na siku ukipata nafasi uje umwone Teddy, hujamwona hata mara moja.

Mwanao,
Irakoze


Lusahunga, Biharamulo
19 Machi 2025

Irakoze,

Marahaba. Barua imefika, Elick konda ameileta ikinuka samaki. Hapa tupo. Mama Zita magoti yanamsumbua usiku, mchana anayasahau na kuanza kupalilia. Malori ni mengi, simu zilizoharibika ni nyingi, jua ni kali.

Huyo mtoto mpe uji mwingi. Karatasi itatoka, ila usihangaike kuisoma.

Nani alikufundisha kufungua kwa kisu? Si mimi. Nunua bisibisi ndogo ya nyota.

Sikiliza. Hiyo mashine ina matatizo mawili, siyo moja. Diski ni ghala na RAM ni ungo. Unapofanya kazi, mashine inachota vitu ghalani inaviweka kwenye ungo ili ivichambue. Ungo wako ni mdogo, ndiyo maana ukiweka picha na jedwali pamoja vinamwagika, mashine inaganda. Na ghala lako ni la aina ya zamani, ndani kuna sahani inayozunguka na sindano inayotafuta. Mlango wake ni mwembamba mno. Tutabadilisha ghala tuweke SSD, isiyozunguka wala kutafuta, na ungo tutaongeza.

Kabla hujagusa kitu chochote ndani, zima, toa betri, na SHIKA CHUMA KWANZA. Bati, kitasa, chochote cha chuma. Mwili wa mtu una umeme mdogo ambao wewe huusikii lakini RAM inausikia na inakufa. Kila mara. Usisahau.

Kwa kuwa maandishi yameliwa, nipimie hiyo RAM. Urefu wake, na mahali lilipo lile pengo dogo kwenye meno yake. Pima sawasawa.

Usifute kitu kwenye diski ya zamani.

Frednand


Nyamiaga, Ngara
27 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepata barua yako, nimeisoma mara tatu na mara ya nne nimemsomea mama mkwe. Amesema, "Huyo mjomba wako anaandika kama anayelipia kila neno." Lakini lile la ghala na ungo amelielewa kuliko mimi. Jioni nzima alikuwa anawaeleza majirani. Sasa mtu akichelewa kujibu hapa kwetu anaambiwa ungo wake mdogo.

Teddy mzima. Karatasi ilitoka. Sikuisoma.

Kuhusu bisibisi, nimepata. Lakini kisu ni wewe uliyenifundisha, mjomba, usikatae. Ni ile likizo ya darasa la sita, redio ya yule dereva wa lori, na kisu kilikuwa cha Mama Zita cha kumenyea ndizi. Mimi nilikuwa nakushikia tochi, ukaniambia nisipumue.

Sasa nikueleze umefanya nini na lile neno lako la kushika chuma. Mlango wetu wa mbele ni wa bati. Nikitaka kukaa kwenye laptop, naenda kwanza nashika mlango, ndiyo narudi. Siku ya kwanza Derick akaniuliza ninaaga nani. Siku ya pili na yeye akawa anashika, anasema ni kwa tahadhari. Siku ya tatu mama mkwe alitaka tu kupangusa vumbi juu ya mfuniko, akatoka shambani moja kwa moja akashika bati kwa mikono yote miwili na jembe akiwa nalo kwapani. Na Teddy, mjomba! Teddy sasa hanyonyi mpaka ashike bati. Anakuja, anasimama, ananitazama, anakimbia mlangoni, pa! kofi moja, anarudi mbio anaparamia. Kuna mama alikuja kuazima chumvi akaona watu wanne wanashika mlango mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ndogo kama tumepata msiba.

Kipimo hiki hapa. Rula hatuna, ya Derick ilivunjika, kwa hiyo nimekata kipande cha jani la mgomba nikakilaza juu ya RAM, nikakikata sawasawa kabisa, mwisho kwa mwisho. Pale penye pengo nimeng'ata kidogo. Hiyo alama ni jino langu. Nimekifunga kwenye karatasi kisikunjike.

Nimefika jina la mia mbili na kumi. Kitabu kina zaidi ya elfu na mia nne. Hukusema kama utakuja kumwona Teddy.

Irakoze


Lusahunga
22 Aprili 2025

Irakoze,

Marahaba. Elick aliisahau barua yako kwenye kioo cha mbele cha gari siku tano, na alipokumbuka alikuwa Kahama. Nimemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu ya Pasaka.

Mama Zita ameshinda kwa Zita mwenyewe, bintiye, aliyejifungua. Wote salama.

Kisu hakikuwa cha ndizi. Kilikuwa cha mkate.

Ndani ya kifurushi kuna SSD. Nimeshaipandisha programu zote hapa, ukiichomeka itawaka. Kuna kikasha chenye waya, humo utaweka diski ya zamani uichomeke pembeni kama flashi, unakili picha na majina yako. Kuna RAM. Kwa kipimo chako ni DDR3, yaani ya kizazi cha tatu, nimekutafutia safi. Inaingia kwa mshazari, halafu unaikandamiza ilale mpaka vibano viwili vya pembeni viseme ta. Ikikataa usilazimishe.

Habari ya malipo usiniandikie.

Frednand


Nyamiaga
6 Mei 2025

Mjomba! Shikamoo! Kaa chini kwanza!

Mama mzima, Derick mzima, mbuzi amezaa, kila mtu anakusalimu, ngoja nikwambie.

Nilishika bati. Nikatoa betri. Nikafungua skrubu zote nikazipanga kwenye sahani ya Teddy kwa mfuatano. Nikatoa diski ya zamani, nzito, nikaweka yako, nyepesi kama biskuti, nikawaza mjomba kanitania, hiki kina nini ndani. Nikarudisha betri. Mama mkwe akasema, "Haya washa, mimi nakwenda kuchuma mboga." Hakufika hata uani, mjomba. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nilipofika kumi na tatu ikawa imefunguka yote, mpaka na saa pembeni! Nikapiga ukelele. Mama mkwe akarudi mbio akidhani ni nyoka. Akatazama, akasema, "Imekosea hiyo. Zima uwashe tena." Nikazima nikawasha. Kumi na mbili! Akaenda kuita jirani. Siku hiyo nimeizima na kuiwasha labda mara tisa, na kila mara watu wanahesabu kwa pamoja kama tunaagana na mwaka. Derick alirudi jioni tukamkalisha, tukahesabu tena. Akasema ingekuwa pikipiki yake inawaka hivi angekuwa tajiri.

Picha zote zimehama, na majina yangu yote yapo, hata moja halikupotea.

Sasa na habari nyingine. RAM imekataa. Sikulazimisha. Nimeiinamisha kama ulivyosema, lakini pengo lake na kile kijino cha kwenye laptop havikutani, kimoja kiko huku kingine kiko kule. Nimejaribu kuigeuza. Mama mkwe amekaa pembeni yangu, kisha akasema kwa upole kabisa, "Nikuletee samli kidogo upake?" Mjomba, nimecheka mpaka nimelazimika kwenda kushika bati upya.

Lakini nikiwa peke yangu sikucheka. Mashine inawaka haraka, ila nikifungua picha mbili na jedwali bado inaganda, na maandishi ya zamani yamefifia, lazima nilinganishe kurasa. Nimefika mia tano na kumi. Jumapili Sista Speciose aliniuliza, "Tunakwendaje?" nikasema vizuri. Joan alikuwa amesimama nyuma yake na gauni la kitenge, ananitabasamia. Zimebaki siku hamsini na nne.

Mjomba, nilipokuja siku ile kukuambia kwamba nimeacha shule, nilitaka kukuambia na kitu kingine, ila ulikuwa umeshika ile waya ya kuchomelea na hukugeuka. Nilitaka kusema

Basi, tuiache hiyo. Nirudishe hii RAM?

Irakoze


Lusahunga
17 Mei 2025

Mwanangu Irakoze,

Marahaba, marahaba. Mama Zita ananiuliza kwa nini nacheka peke yangu kibandani na wateja wanaogopa.

Nilipoona RAM imekataa nikasema haiwezekani, nimepima mwenyewe. Nikalitoa lile jani lako. Nikalipima tena, sentimita sita na milimita saba na nusu, DDR3 kamili. Halafu nikalitazama vizuri. Limekauka, limekuwa la kahawia, linalia likikunjwa. Nikatoka nje nikakata jani bichi la mgomba, nikalikata sentimita saba kasoro nusu milimita, nikaliweka juu ya paa siku tano, sawa na zile za Elick. Leo asubuhi nimepanda na rula. Limenywea, Irakoze! Limenywea milimita mbili!

RAM zina vizazi. Cha tatu na cha nne vinafanana kama mapacha wa kwenye kitabu chako, vinapishana milimita mbili za urefu na pengo lao haliko mahali pamoja. Wewe ulinitumia cha nne. Njiani jua likakigeuza cha tatu, na jino lako ni pana mno kuonyesha pengo liko wapi hasa. Miaka thelathini na mmoja ya ufundi, nimeshatengeneza mpaka redio ya polisi, nimekuja kudanganywa na jani la mgomba lenye alama ya jino!

Na ukweli wote nikwambie. Mashine yako ingeweza kujitaja yenyewe RAM yake ni ipi, kwenye ukurasa mmoja tu wa ndani. Ningekuandikia ufungue wapi, tusingepima na majani. Nilisahau. Usimwambie mtu.

Hii hapa DDR4, GB nane. Imetoka kwenye laptop ya mteja iliyokanyagwa na lori, kila kitu kilisagika isipokuwa yenyewe. Na ile yako, bila shaka ya GB nne, inabaki, jumla GB kumi na mbili. Huo si ungo tena, ni uwanja wa kuanikia. Ile iliyokataa kaa nayo, ipo siku itapata mwenzake.

Mwambie mama mkwe wako samli hapana. Lakini nimependa anavyofikiri.

Hayo ya siku ile usiniandikie. Sikugeuka kwa sababu macho yangu yalikuwa na moshi wa kuchomelea. Fanya kazi.

Mjomba wako,
Frednand


Nyamiaga
8 Juni 2025

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Ta! na ta! Zote mbili, kushoto na kulia. Teddy amejifunza, sasa akifunga mlango anasema ta, akikaa anasema ta, jana amemweka kifaranga kwenye kikapu akamkandamiza mgongo akasema ta. Kifaranga mzima.

Nafungua picha nne na jedwali na redio ya parokia inaimba humo humo, mjomba, na mashine haishtuki. Nafanya majina thelathini kwa siku. Derick anapika. Ugali wake una mabonge lakini anaimba. Nimefika elfu moja. Kumebaki wiki tatu, na nasema kwa sauti ndogo nisijivunie: nadhani nitafika.

Sasa nina habari mbili.

Ya kwanza ni kwamba skrubu moja imebaki. Nilizipanga zote kwenye sahani, nimezirudisha zote, mfuniko umefunga vizuri, halafu nikaiona hii moja imekaa pale inaniangalia. Nimeiweka dirishani kwenye kizibo cha soda. Mashine inafanya kazi bila yake, kwa hiyo labda ilikuwa ya ziada tu.

Ya pili. Sista Speciose ameniapisha kwamba ya vitabuni nisiyatangaze, na sitangazi. Lakini siri ya mtu nikimwambia mwenyewe siyo kutangaza. Ukurasa wa tisini na moja, mstari wa nne. Kilatini sikijui, ila baada ya majina elfu hata mbuzi angejua kwamba "natus" ni kuzaliwa. Jina, Frednand. Baba, babu yangu. Mama, bibi yangu. Amezaliwa tarehe 4 Aprili 1961.

Elfu moja mia tisa sitini na moja, mjomba!

Wewe si ulituambia harusi ya Zita kwamba una miaka hamsini? Na mwaka juzi ulimwambia mama, aliye mdogo wako, kwamba mmepishana kwa kiasi tu? Una miaka sitini na minne. Nimekuingiza kwenye jedwali na sasa hutoki. Nikiandika jina lako unakuja mara moja, hata sekunde huchukui, kwa sababu ya ile RAM uliyonipa wewe mwenyewe.

Nilipoona jina lako pale niliikuza picha. Padri aliandika kwa wino mweusi na kuna tone limemwagika pembeni. Niliandika polepole, herufi moja moja. Nikalinganisha mara tatu.

Njoo umwone Teddy.

Irakoze


Lusahunga
20 Juni 2025

Irakoze,

Marahaba.

Kitabu kimekosea. Padri wa zamani alikuwa haoni vizuri.

Skrubu haibaki. Hakuna skrubu ya ziada duniani. Aliyetengeneza mashine aliiweka kila skrubu kwa sababu yake, na iliyobaki ina mahali pake panapoisubiri. Inaweza kuwa ya diski, na kama ni ya diski basi diski inacheza, na ikicheza siku moja itachomoka ukiwa katikati ya jina la mtu. Au ni ya bawaba, mfuniko utapasuka. Nimekaa usiku naiwaza. Urefu wake ukoje? Kichwa bapa au cha duara? Usinipimie kwa jani.

Hili jambo haliwezi kumalizwa kwa barua. Lazima mtu aione kwa macho.

Maliza kazi yako. Usiniandikie mpaka umalize.

Frednand


Nyamiaga
1 Julai 2025

Mjomba,

Nimemaliza, ndiyo maana naandika. Shikamoo, wote wazima, Teddy amelala na mkono mmoja umeegemea mlango wa bati, ngoja nikupe yote kwa mpangilio.

Nilimaliza usiku wa Ijumaa, jina la elfu moja mia nne na thelathini na mbili. Ni mtoto wa kike, hakuishi, padri ameandika msalaba mdogo mbele yake. Nikaandika jina lake vizuri nikahifadhi, nikahifadhi tena, kisha nikamwamsha Derick nikamwambia nimemaliza, akasema "ta," akalala.

Jumamosi nikaibeba laptop kwenye kanga mgongoni kama mtoto, Teddy akilia kwa wivu, tukaenda parokiani. Sista Speciose alikuwepo, na Joan pia alikuwepo, ameitwa aje kukagua kwa sababu anajua mambo hayo. Sista akasema washa. Nikatafuta chuma. Kulikuwa na kitasa cha kabati tu, nikakishika. Joan akauliza, "Unafanya nini?" Nikasema, "Natoa umeme." Nikawasha. Mdomoni nahesabu. Kumi na mbili.

Joan akafungua hapa, akafungua pale, anatafuta kosa. Alichagua kurasa kumi mwenyewe akalinganisha na kitabu chenyewe. Ukurasa wa sita akasimama, akasema, "Hapa umeandika Akimana, kitabuni ni Akiman." Nikamwambia, "Dada Joan, sogeza kidole. Hilo ni jina la mama, a ya mwisho imeliwa na mchwa, lakini iko kwa kaka yake ukurasa unaofuata, nililinganisha." Akafunua. Ikawepo. Akasema, "Sista, mimi kwa picha hizi ningekuwa nimeshachoka siku ya pili." Aliyasema mwenyewe, mjomba, kwa mdomo wake.

Halafu Sista akasema, "Nitafutie mama yangu." Akanitajia jina na jina la baba yake. Nikaandika, na kabla sijaondoa kidole mama yake akatokea, mwaka, siku, na jina la msimamizi. Sista alikuwa anamtafuta kwenye kile kitabu kwa miaka. Alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Akafungua kabati, akaweka kitabu cha pili mezani, na juu yake akaweka ufunguo. "Wa kabati," akasema. "Wako."

Nimetembea kurudi nyumbani kama nimekanyaga godoro. Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani, nilipomwonyesha ufunguo akatupa jembe akacheza, na yule mama wa chumvi akacheza bila kujua ni kwa nini. Vitabu kumi na vitatu vimebaki. Sista amesema nikifika cha tano ataniandikia barua ya kuombea mtihani wa watu wazima, wa kidato cha pili. Sikumwomba. Alisema tu, kama mtu anayeagiza chumvi.

Kwa hiyo sasa naweza kukuambia kile nilichotaka kukuambia siku ile kibandani. Nilikuwa nataka kusema kwamba sikusahau hata kimoja. Tochi, kutopumua, skrubu kwa mfuatano. Nilikuwa naogopa umeshaamua kwamba nimesahau.

Na kweli kuna ile moja iliyobaki. Bado ipo dirishani kwenye kizibo cha soda. Ni fupi, kichwa bapa. Nimeitafutia mahali pake kila upande na sioni, na sasa kila nikiiangalia nakuona wewe huko umekaa unaiwaza, na nimeamua kwamba nikipata nafasi wiki ijayo nitapanda gari la Elick nije nayo mwenyewe Lusahunga na Teddy, maana wewe najua huwezi kuacha kibanda, na mguu wa kuja Ngara huna tangu

Mama mkwe ananiita. Ngoja. Anasema, "Irakoze, njoo upesi, kuna mzee hapa nje sijui ni fundi wa nani, ameshika bati la mlango hasemi hodi wala nini, na Teddy ameamka amelishika upande wa pili wanatazamana, na huyo mzee anauliza skrubu iko wapi." Mjomba, ngoja niende nione kama ni